Kuchuja Visima vya Lindi

Haya wasomaji wangu, leo siasa nimeiweka kando. Au niseme nimeisogeza kidogo tu, maana katika nchi hii ukianza kuongelea maji siasa inakufuata hata ukifunga mlango. Nataka kuwaeleza jambo lililonikalia kichwani wiki kadhaa sasa: namna ya kuiuliza kanzidata swali, ukaliongezea swali jingine juu yake, halafu jingine tena, mpaka upate jibu unaloweza kuliandika gazetini bila kuogopa simu za asubuhi. Wale ambao mkiona neno "kanzidata" mnakimbia, naomba mkae. Kuna visima humu ndani.

Mnajua kwetu ni Rasbura, Lindi mjini. Mtu wa Rasbura ana maji mbele ya macho yake kutwa nzima, bahari ile pale, Kitunda ng'ambo ile kule, lakini ukimuuliza habari za maji ya kunywa atavuta mkeka kwanza ndipo aanze kukuhadithia. Nimekua nikisikia hadithi hizo. Nikajifunza mapema kwamba mtu anayesema "maji yapo" na anayesema "maji hakuna" wanaweza kuwa majirani, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Tukumbushane kidogo. Mwaka 1971 serikali ya Mwalimu ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Ahadi ilikuwa kwamba ikifika 1991 kila mwananchi awe na maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Kusini mwa nchi, yaani Mtwara na Lindi, waliokuja kusaidia katika miaka hiyo ya 1970 walikuwa Wafini, na wazee wa huku bado wanazikumbuka gari zao na pampu zao. Mwaka 1991 ulipita. Miaka 20 mingine ikapita. Ndipo Wizara ya Maji ikatuma watu kuzunguka nchi nzima na kuorodhesha vituo vya kuchotea maji kimoja kimoja: kiko wapi, nani alikigharamia, nani alikijenga, mwaka gani, kinafanya kazi au kimekufa.

Orodha ile, kupitia mradi wa programu huria unaoitwa Taarifa, ikaishia mahali ambapo wengi hamkutegemea. Kampuni moja ya Marekani iitwayo DrivenData iliigeuza kuwa shindano la wataalamu wa takwimu duniani: watabirini pampu gani ya Tanzania ni nzima na gani ni mbovu. Kwa hiyo leo hii kuna kijana Seoul au São Paulo ambaye hajawahi kukanyaga Nachingwea, lakini analijua jina la Nachingwea kwa sababu liko kwenye safu ya wilaya. Nilipogundua hilo nilicheka peke yangu. Kisha nikasema, kama wao wanaichezea, na sisi wenye visima tunangoja nini?

Basi nikaipakua, nikaimimina kwenye kanzidata, nikaanza kutengeneza tovuti ndogo ya kuitafutia. Ni mistari 59,400, kila mstari kituo kimoja cha maji. Karibu yote iliandikwa kati ya 2011 na 2013. Ipo 31 tu ya zamani zaidi, ya 2002 na 2004. Ni takwimu za zamani basi, nasema mapema. Tangu wakati huo mambo mengi yamebadilika, ikiwamo kuundwa kwa RUWASA mwaka 2019 kusimamia maji vijijini. Sizitumii kusema hali ya leo. Nazitumia kwa sababu ndizo zilizo wazi kwa kila mtu, kituo kwa kituo, na kwa sababu zinafundisha namna ya kuuliza.

Sasa tuje kwenye kuuliza kwenyewe.

Chukulia ukurasa wangu una visanduku saba vya kuchagulia: mkoa, wilaya, kata, hali ya kituo, mfadhili, mwaka wa kujengwa, ubora wa maji. Msomaji mmoja atachagua mkoa tu. Mwingine wilaya na hali. Mwingine mfadhili na mwaka bila kujali mkoa. Kila kisanduku kinaweza kuguswa au kuachwa, kwa hiyo ukipiga hesabu ni mbili kwa kipeo cha saba: michanganyiko 128. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakaa aandike maswali 128. Kinachofanyika ni kuandika vichujio saba vidogo, kila kimoja kinajua jambo moja tu, na kila kimoja kinapokea kundi la vituo na kurudisha kundi jingine la vituo. Kwa kuwa kinachoingia na kinachotoka ni cha aina ileile, unaweza kuviunga kimoja nyuma ya kingine kama mabehewa:

visima = Kisima.objects.all()
if mkoa: visima = visima.filter(mkoa=mkoa)
if hali: visima = visima.filter(hali=hali)

na kuendelea hivyo mpaka visanduku viishe. Msomaji asipochagua mkoa, behewa la mkoa halifungwi, treni inaendelea.

Wenyeji wa pwani mtasema hiki ni kifumbu, tui linakamuliwa mara ya kwanza na ya pili. Ni mfano mzuri lakini unaniangusha mahali pamoja. Nazi ukishaikamua imekwisha, machicha utawapa kuku. Vichujio hivi haviharibu kile kilichoingia. Nikishapata visima vya Lindi nikaviita jina, naweza kutoka hapo na tawi la vibovu, nikarudi palepale nikatoka na tawi la vya Wafini, nikarudi tena, na visima vya Lindi viko vilevile havijapungua hata kimoja. Kila kichujio kinatoa nakala mpya ya swali. Mtu akitengeneza vichujio vinavyobadilisha swali la awali lenyewe, atashangaa msomaji wa pili anapewa majibu yaliyokatwa na uchaguzi wa msomaji wa kwanza.

Jambo jingine ambalo watu hawalitarajii ni uvivu. Unapoandika mistari ile mitatu hapo juu, kanzidata haijaguswa bado. Ni kama unamtuma mtoto dukani. Amesimama mlangoni, wewe unamwambia leta sukari, aah na majani, na kibiriti, na akute hakuna kiberiti cha Kasuku basi chochote tu... bado yuko mlangoni. Anaondoka pale unaposema "haya nenda", yaani pale ukurasa unapotaka kuonyesha kituo cha kwanza. Safari moja tu. Asiyeelewa hili humtuma mtoto dukani mara 59,400 na kulalamika kwamba intaneti ya Lindi iko chini.

Mpangilio wa vichujio, je? Kwa vichujio vya kawaida haijalishi ukitanguliza wilaya au hali, jibu ni lilelile, na kanzidata yenyewe ndiyo inayoamua ianzie wapi ili ifike haraka. Kinachobadilisha mambo ni kukata. Ukifika kwenye dau ukasema nipe samaki kumi wa mwanzo halafu ukachagua changu ndani ya hao kumi, utarudi na changu wawili. Ukisema nichagulie changu halafu nipe kumi, utarudi na kumi. Programu ninayotumia inakataa kabisa kuchuja baada ya kukata, inakupigia kelele. Naipenda kwa hilo.

Programu yenyewe ni Django, na hapa wanahabari wenzangu naomba mtege masikio. Django haikutoka kwenye kampuni kubwa ya kompyuta. Ilizaliwa gazetini! Gazeti la mji mdogo wa Lawrence, jimbo la Kansas, linaloitwa Lawrence Journal-World. Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitengeneza tovuti za gazeti hilo mwaka 2003, wakisukumwa na mhariri anayetaka kitu kesho asubuhi, wakajikuta wameunda zana yao wenyewe. Mwaka 2005 ikatolewa bure kwa dunia nzima, ikapewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Mwaka huohuo Holovaty alitengeneza tovuti ya uhalifu wa Chicago, unachuja kwa mtaa, kwa tarehe, kwa aina ya kosa. Nilipoisoma habari hiyo nilijiuliza kwa nini chumba cha habari cha kwetu mtu wa kompyuta ni yule anayeitwa printa ikigoma. Lakini hiyo ni mada ya siku nyingine, nisije nikaharibu kibarua.

Turudi Lindi. Chuja kwa jina la mkoa: vituo 1,546. Kati ya hivyo 460 vilikuwa vinafanya kazi, 93 vinafanya kazi lakini vinahitaji matengenezo, na 993 havifanyi kazi. Hebu soma tena namba hiyo ya mwisho. Ni asilimia 64. Majirani zetu Mtwara 1,080 vibovu kati ya 1,730, hawatushindi sana. Kwa mistari yote ya nchi, vibovu vilikuwa asilimia 38. Iringa 4,141 kati ya 5,294 vilikuwa vizima. Nilikaa nikaitazama skrini kwa muda, wala sikushangaa kama ambavyo ningependa niwe nimeshangaa.

Lakini ona kinachotokea ukichuja kwa namba ya mkoa badala ya jina. Katika mwongozo Lindi ni mkoa namba 8. Kompyuta inapenda namba, kila kitabu cha kanzidata kitakwambia tumia namba, jina linakosewa herufi. Nikaweka vichujio vyote viwili pembeni kwa pembeni ili nilinganishe. Namba 8 ilirudisha vituo 300. Mia tatu! Vingine viko wapi? Vituo 1,238 viliandikiwa namba 80, na vinane viliandikiwa namba 18, ambayo ni Kagera. Jumlisha: 300, 1,238 na 8, unapata 1,546 yako kamili. Hakuna kilichopotea, isipokuwa kwa yule aliyeuliza kwa namba. Na huyo hatapata onyo lolote. Skrini haitaandika "samahani ndugu, umeacha vituo zaidi ya elfu moja mia mbili nje". Itamwonyesha 300, ramani nzuri yenye vidoti, naye ataamini Lindi ni mkoa mdogo wenye visima vichache. Bajeti zinapangwa hivyo, jamani.

Kuna mtego mwingine mdogo unaochekesha kama hauko kazini. Hali za vituo zimeandikwa kwa Kiingereza: "functional", "functional needs repair", "non functional". Sasa mtu anataka vizima. Anaandika kichujio kinachosema nipe kila mstari wenye neno "functional" ndani yake. Anapewa vyote 59,400, kwa sababu hata kilichokufa kina neno hilo ndani ya jina lake. Nchi nzima ina maji, hongera!

Na kuna safu ya mikutano, inayouliza kama kijiji kilifanya mkutano wa hadhara kuhusu mradi. Ndiyo ni 51,011. Uliza kwa lugha ya SQL "isiyo ndiyo" na utapata 5,055. Jumlisha, unapata 56,066. Mistari 3,334 imekwenda wapi? Iko palepale, ila safu yake ni tupu, na kwa kanzidata utupu si ndiyo wala si hapana. Ukiuliza "je, utupu ni tofauti na ndiyo?" inakujibu "sijui", na kinachojibiwa sijui hakipiti kwenye kichujio. Mimi naona hapo kanzidata ina adabu kuliko maofisa kadhaa niliowahi kuwahoji. Tatizo ni mwandishi anayechukua zile 5,055 na kuandika kwamba vijiji vingine vyote vilikutana.

Mwaka wa kujengwa ni vichekesho vitupu. Asiyejua mwaka aliandika sifuri, na walioandika sifuri ni mistari 20,709. Usipoweka kichujio cha kuziondoa sifuri hizo, wastani wa mwaka wa kujengwa pampu za Tanzania unakuja kama 1300 hivi. Yaani pampu ya wastani imetangulia hata kasri la Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani, ambalo ni la mwanzoni mwa karne ya 14, na Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 angeikuta imeshakufa inangoja spea. Basi futa sifuri zote? Pole pole. Kuna safu nyingine ya mwinuko kutoka usawa wa bahari, nayo imejaa sifuri za wasiojua. Ila kwa mtu wa pwani kama mimi, sifuri ya mwinuko inaweza kuwa jibu halali kabisa, njoo Rasbura nikuonyeshe mahali ambapo bahari ikijaa inatusalimia. Kichujio kinachofaa mwaka hakifai mwinuko, ingawa zote ni sifuri.

Sasa Ng'apa. Ng'apa ni kata ya hapa Lindi, na ina kitone kile juu baada ya herufi g. Waandika programu wengi wanaoanza huunganisha maneno ya swali kwa mkono: wanachukua alichoandika msomaji na kukibandika katikati ya sentensi ya SQL. Msomaji akiandika Rasbura, sawa. Akiandika Mitandi, sawa. Akiandika Ng'apa, ukurasa unalipuka, kwa sababu kwa SQL kile kitone maana yake "jina limeishia hapa", na "apa" iliyobaki inaning'inia bila mwenyewe. Mlango huohuo ndio wanaoutumia wezi: wanaandika kitone makusudi, kisha amri yao wanaiweka baada yake. Vichujio vya Django vinapeleka jina kando na swali, kwa hiyo Ng'apa inapita salama na mwizi anabaki akitafuta kata yenye jina la ajabu. Nawashauri mnaotengeneza tovuti za halmashauri, jaribuni kwanza kwa majina ya kwetu yenye ng'. Nchi yenye ng'ombe wengi hivi haiwezi kukosa mtego huu. (Kwamba watu wenyewe wanaliandika Ng'apa, Ngapa, na Ng`apa kwa kitone cha kugeuzwa, hilo ni kilio kingine. Wafini nao katika safu ya wafadhili ni "Fini Water", ni "Finw", ni "Finland Government".)

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika haya yote.

Mhariri mmoja aliniomba orodha ya vijiji "visivyo na maji" mkoani Lindi. Sentensi fupi, inapendeza kwenye kichwa cha habari. Lakini ukitaka kuigeuza kichujio inagawanyika mikononi mwako. Swali la kwanza: vijiji vyenye kituo kibovu. Hapo unachuja vijiji kwa hali ya vituo vyake, na kijiji chenye vituo kumi, tisa vizima na kimoja kibovu, kinaingia. Tena kijiji chenye vibovu vitano kitajitokeza mara tano kwenye orodha usipoiambia isirudie. Swali la pili: vijiji ambavyo vituo vyote ni vibovu. Hapo inabidi ugeuze, uwaondoe wote wenye angalau kituo kimoja kizima. Ila ukiondoa hivyo, vijiji ambavyo havina kituo hata kimoja kwenye orodha navyo vinabaki, na hujui kama havina kisima au mwandikishaji hakufika. Orodha hizo hazifanani hata kidogo, na kwa Kiswahili cha mhariri zote ni "vijiji visivyo na maji".

Kuna tofauti nyembamba zaidi ya hiyo, na hapa hata wazoefu hukuna kichwa. Nataka vijiji vyenye kituo kibovu kilichojengwa na serikali. Nikiweka masharti mawili ndani ya kichujio kimoja:

Kijiji.objects.filter(kisima__hali="kibovu", kisima__mjenzi="Serikali")

ninapewa vijiji ambavyo kituo kimoja, hichohicho, ni kibovu na ni cha serikali. Nikiyaunga kwa mnyororo:

Kijiji.objects.filter(kisima__hali="kibovu").filter(kisima__mjenzi="Serikali")

ninapewa vijiji vyenye kituo fulani kibovu, na vyenye kituo fulani cha serikali, ambacho huenda ni kingine kabisa na kinatoa maji safi muda huu. Alama chache tu zimebadilika, nukta na mabano. Lakini ya pili inamsingizia mhandisi wa wilaya pampu iliyojengwa na mtu mwingine. Kule juu nilisema mnyororo haubadilishi jibu. Kwa kituo chenyewe haubadilishi. Ukianza kuuliza kuhusu mwenye vituo vingi, kila kichujio kinaanza upya kutafuta kituo chake. Nimejaribu kumweleza mhariri hili kwa mfano: "nyumba yenye mtoto mgonjwa aliye darasa la pili" si sawa na "nyumba yenye mtoto mgonjwa, na yenye mtoto wa darasa la pili". Akanyamaza. Kisha akasema, kwa hiyo ni vijiji vingapi?

Ungeniuliza wiki ile ningesema tatizo langu limeishia hapo. Lakini Jumamosi moja nilikuwa kwa shangazi yangu, Rasbura hapohapo, nimeweka kompyuta juu ya meza naonyesha ramani. Nimemwamkia, ameitikia marahaba, amevaa miwani yake, ananyooshea kidole vidoti vya kijani.

"Hivi vya kijani ndiyo nini, mwanangu?"

"Vizima hivyo, shangazi. Vinatoa maji."

"Yanayonyweka?"

Sikuwa na la kumjibu pale pale. Akaniambia kule alikoolewa dada yake, pwani ya kusini, pampu ilipigwa rangi ya bluu, ikapigwa picha na wakubwa, inatoa maji mpaka leo. Watu wanayafulia. Ya kupikia wanafuata mbali, maana yale ukipikia chai huhitaji chumvi kwenye ugali. "Aliyekuja kuandika," akasema, "alibonyeza, maji yakatoka, akaandika, akaondoka."

Safu ya ubora wa maji ipo. Katika mistari yote 59,400, vituo 4,856 vimeandikwa kwamba maji yake ni ya chumvi. Ni safu tofauti na ya hali. Kituo kinaweza kuwa "functional" hapa na cha chumvi pale, na kikahesabiwa miongoni mwa mafanikio, kwa sababu aliyehesabu aliweka kichujio kimoja akaishia hapo. Visanduku vyangu vilikuwa saba, na cha ubora wa maji kilikuwa cha saba, chini kabisa, baada ya mwaka. Nimekipandisha kikae pembeni ya hali. Sasa kidoti hakiwi kijani mpaka kipite vichujio viwili, kinatoa maji na maji hayana chumvi, na kile kinachopita cha kwanza tu nimekipa rangi ya kahawia. Ramani ya pwani yetu haipendezi tena kama mwanzo.

Mhariri aliipenda ile asilimia 64. Alitaka iandikwe "Theluthi mbili ya visima Lindi vimekufa". Nikamkatalia, tukavutana kidogo kwa simu. Kwanza zile 1,546 si visima vyote vya Lindi hata kwa wakati ule. Shindano lilikuwa na mistari mingine 14,850 ya nchi nzima ambayo hali yake ilifichwa ili washindani watabiri, yaani moja ya tano ya orodha ilishachujwa kabla mimi sijaifungua. Pili, ni hali ya miaka ya 2011 mpaka 2013. Akataka basi asilimia ya kila wilaya. Kilwa, Liwale, Nachingwea, Ruangwa na Lindi Vijijini, ambayo halmashauri yake siku hizi ni Mtama, sawa. Lindi Mjini nikamwambia hapana. Ukichuja mkoa, halafu wilaya, Lindi Mjini inabakiwa na vituo 21. Kimoja kikiharibika asubuhi, asilimia inaruka karibu tano. Hapo nimemwambia aandike idadi, na ikiwezekana apande gari aje aone, nitampokea stendi.

Tulichokubaliana ni sentensi ndefu ambayo hakuipenda: kati ya vituo 1,546 vya mkoa wa Lindi ambavyo hali yake imewekwa wazi katika takwimu za Wizara ya Maji, zilizokusanywa zaidi kati ya 2011 na 2013, vituo 993 vilikuwa havifanyi kazi. Akauliza kama naweza kuipunguza. Nilimwambia naweza kuiongeza. Bado sijaweka chumvi.